Ukichoka Londiani: namna ya kukatiza safari ya miguu kwa gari bila kuiua

Siku ya nne kutoka Nakuru, baada ya kunyeshewa toka Elburgon mpaka tukasahau soksi kavu zinafananaje, mwenzetu mmoja alikaa juu ya kalvati nje kidogo ya Londiani, akavua kiatu na kuutazama ukucha wa kidole gumba. Ulikuwa umegeuka zambarau. Akasema, "Jamani, mimi napanda gari. Liende popote litakapokwenda."

Tulicheka, lakini asubuhi iliyofuata tulipanda kweli, sote watatu. Hapo "popote" pakawa Iten. Siku mbili baadaye tulirudi kwenye kalvati lile lile, na siku ya kumi na mbili tukaingia Kisumu kwa miguu yetu.

Mwaka uliofuata nilipita njia hiyo tena na kundi jingine. Tukachoka karibu na hapo hapo, tukapanda gari vilevile, na safari ikafia ndani ya matatu. Hakuna aliyeumia wala aliyegombana na mwenzake. Tulikosea mambo mawili tu: tuliondoka jioni, na tulielekea Kisumu. Haya ninayoandika nimeyatoa kwenye tofauti ya safari hizo mbili.

Kwa asiyeijua njia yenyewe, inafuata miji ya reli ya zamani, ile iliyofika ziwani mwaka 1901: Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, Mau Summit, Londiani, Kipkelion, Fort Ternan, Koru, Muhoroni, Chemelil, Miwani, Kibos, Kisumu. Barabara kuu hupitia Kericho na kwa gari haifiki kilomita 200. Miji ya reli inazunguka zaidi, na ukijumlisha mara unazopotea ukitafuta maji utapita 200 bila shida. Kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 25 kwa siku, hesabu siku kumi. Usitembee juu ya reli yenyewe: treni hupita, na si njia ya umma. Fuata barabara za murram na vijia vya ng'ombe vinavyokwenda sambamba nayo.

Wengi huogopa sehemu ya kupanda. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na Mau Summit imepita 2,400, kwa hiyo ni kweli utahema. Lakini pumzi hurudi ukikaa. Kinachomaliza watu ni kuteremka kutoka huko juu hadi ziwani, kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila hatua kidole kinagonga ncha ya kiatu, goti linabeba mwili pamoja na mzigo, na mteremko wenyewe ni wa siku kadhaa. Ndiyo maana nasema, kama utapumzika mara moja tu katika njia hii, pumzika Londiani, kabla mteremko haujaanza kukuuma. Ukingoja mpaka Muhoroni umeshaumia.

1. Jua kilichochoka ni nini

Malengelenge, kucha, misuli ya mapaja, mabega yaliyochubuliwa na mikanda ya begi: hayo ni ya siku mbili. Yapumzishe, yatapona au yatapungua kiasi cha kuvumilika.

Maumivu yanayozidi kadiri unavyotembea, mahali pamoja kwenye mfupa, au kifundo kilichovimba usiku kucha bila kupungua, hayo si ya kupeleka kutalii. Nenda hospitali, na kama daktari atasema safari imeisha, imeisha. Homa nayo ni ya kupimwa siku hiyo hiyo, si ya kutuliza kwa vidonge vya maumivu na kuendelea.

Halafu kuna uchovu wa kichwa, na huu watu hawapendi kuukubali. Sisi tuliujua siku tuliponuniana nusu ya asubuhi kwa sababu ya majani ya chai, nani aliyamaliza. Miguu ilikuwa salama. Akili ilikuwa imechoka kuona mgongo wa mwenzake mbele yake siku nzima. Huo uchovu, gari linautibu vizuri kuliko kitanda, kwa sababu mnakaa upande mmoja, mnatazama nje, na kuna kitu kipya cha kuzungumzia.

Wala usione aibu. Wanaotembea njia ya Appalachian kule Marekani, zaidi ya kilomita 3,500 kutoka Georgia hadi Maine, wana jina kabisa la siku isiyo na kilomita: huiita sifuri. Hesabu yao inaendelea kesho yake pale ilipoishia. Nasi hesabu yetu ilikuwa hivyo hivyo.

2. Lala kwanza, panda asubuhi

Uamuzi wa ghafla ni mtamu, na sikuambii uukatae. Nakuambia uufanye jioni, uutekeleze asubuhi. Ukiamka bado unataka gari, panda. Mara nyingine utaamka umekula, umelala, na utagundua ulichotaka ni uji tu.

Sababu kubwa ni barabara. Kutoka Londiani huwezi kwenda mbali bila kugusa barabara kuu ya malori yanayoelekea Malaba na Busia, na gizani barabara hiyo si ya kuchezea. Kanuni yangu ni hii: saa tisa alasiri ikipita bado sijapata gari, silipandi tena siku hiyo. Natafuta pa kulala. Tena huku juu mvua hupenda kuja mchana, na upande wa Kericho huja na mawe, kwa hiyo gari la saa mbili asubuhi hukupa barabara kavu na dereva ambaye bado hajachoka.

Epuka pia Ijumaa jioni, mwisho wa mwezi, na wiki ya kufungua shule. Wiki hiyo nauli hupanda, na kiti ulichodhani ni chako kina sanduku la bati na godoro la mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

3. Weka alama pale unapoishia

Ukiruka hatua zote, usiruke hii. Safari ya miguu ni mstari mmoja usiokatika. Ukirudi mahali ambapo huna hakika kuwa ndipo ulipoondokea, kuna kitu kitakusumbua hadi Kisumu, na mtu akisumbuka moyoni ni rahisi kusema "basi tu, tumalizie na gari."

Alama iwe kitu kisichohama. Kalvati ni zuri, daraja ni zuri, nguzo ya reli yenye namba ni nzuri zaidi. Lango la shule linafaa. Mti unafaa kama si mkaratusi, maana mikaratusi huku hukatwa wakati wowote na yote inafanana. Kioski hakifai kabisa. Katika ile safari iliyokufa, alama yetu ilikuwa kioski kilichopakwa rangi ya kampuni ya simu. Mmoja wetu aliporudi wiki mbili baadaye akidhani ataendelea peke yake, alikuta vioski vitatu vya rangi hiyo hiyo kwenye kipande cha nusu kilomita, na kila mwenye kioski akimwapia kwamba ni kwake tulikokunywa soda. Akapanda gari akarudi nyumbani.

Piga picha mbili: moja ukiangalia ulikotoka, nyingine ukiangalia unakokwenda. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha umtumie mtu wa nyumbani kwa ujumbe, kwa sababu simu huzimika na simu huibwa. Sisi tuliandika pia kwa chaki ubavuni mwa kalvati. Mvua iliifuta, lakini kitendo cha kuandika kilitusaidia. Mtoto mmoja aliyekuwa akichunga kondoo alituuliza kama tunapima barabara ya lami. Tukamwambia hapana, tunapumzika. Hakuamini.

Jambo jingine: andika tarehe ya kurudi na uiseme mbele ya mtu asiye wa kundi lenu. Sisi tulimwambia mama aliyetupa pa kulala, "Mama, kesho kutwa jioni tutakuwa hapa." Ahadi ni deni, na deni la mtu aliyekupikia ni zito zaidi.

4. Nenda pembeni, usiende mbele

Usipande gari kwenda mahali ambapo miguu yako inaelekea. Kama unatembea kwenda Kisumu, Kisumu ni marufuku hadi uingie kwa miguu.

Kundi la pili tulijidanganya kwamba tunakwenda kulala usiku mmoja, tule samaki, turudi Londiani. Tulifika Dunga, tukakaa kando ya ziwa, tukaletewa ngege mzima wa kukaanga na ugali na sukuma. Upepo wa ziwa ukapuliza. Tulipomaliza, kila mmoja alijua na hakuna aliyesema. Tulichokuwa tunakitembelea kwa siku tano tumeshakila. Sasa turudi mlimani tukakitafute tena?

Tena ukikata kwa barabara kuu kupitia Kericho unaruka sehemu tamu kuliko zote. Kati ya Kipkelion na Koru kuna Fort Ternan, ambapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 Louis Leakey alichimbua mabaki ya sokwe wa kale, Kenyapithecus, wa miaka kama milioni 14. Ukiwa kwenye matatu la Kericho hupiti hata karibu napo.

Kwa hiyo pembeni. Kutoka njia hii ya reli nimejaribu pande tatu.

*Kaskazini, Iten.* Kutoka mjini Londiani chukua boda hadi barabara kuu, kisha matatu hadi Mau Summit pale wanapopaita Total, halafu gari la Eldoret, kama kilomita 100 hivi kupitia Timboroa na Burnt Forest. Eldoret kuna magari ya Iten kutwa nzima, kama kilomita 35 zaidi. Ukiondoka saa mbili asubuhi utakula chakula cha mchana Iten. Naupendekeza upande huu kwa sababu mji wenyewe unaheshimu kupumzika. Wanariadha wanakimbia alfajiri, wanakunywa chai, wanalala mchana, na hakuna anayewaita wavivu. David Rudisha, aliyevunja rekodi ya mita 800 kule London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, alifunzwa huku. Basi nawe lala mchana. Jioni jikokote hadi ukingoni, utazame bonde la Kerio likishuka chini yako hadi macho yachoke. Asubuhi tulipotoka kutafuta chapati, kundi la wakimbiaji lilitupita kama upepo huku sisi tunachechemea kama wazee watatu. Mmoja wao akageuka akatupa pole. Mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Kula ugali na mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu chenye masizi ya mti. Ila kama tumbo lako halijazoea, anza na nusu kikombe. Tumbo lililokaa siku nne kwa biskuti na chai halitaki mshangao.

*Kusini, Kericho.* Huu ni upande wa mvivu, nami nausifu kwa hilo. Kutoka Londiani Junction ni mwendo wa saa moja hivi. Kuna mashamba ya chai, vitanda safi, na bustani ya miti ya Chagaik yenye bwawa na nyasi za kulalia. Mashamba ya chai ni mali ya makampuni, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kuingia kupiga picha. Shida ya Kericho ni kwamba kila gari pale linaita "Kisumu! Kisumu! Moja, twende!" Kama kundi lenu lina mtu mwenye moyo mwepesi, msimpeleke Kericho.

*Nandi Hills, ukiwa Chemelil au Muhoroni.* Huu ni wa waliokaidi ushauri wangu wakateremka bila kupumzika. Joto la chini limewashika, miwa pande zote, hewa haisogei. Kuna barabara inayopanda ukingo hadi Nandi Hills, na ndani ya muda mfupi uko kwenye chai na baridi tena. Pale kuna makumbusho na kaburi la Koitalel arap Samoei, aliyewaongoza Wanandi kuwapinga Waingereza hadi alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905 na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa amani. Aliyekuwa ametembea siku nane kando ya reli hii anapaswa kufika pale. Wanandi waliipinga reli hii hii, wakikata nyaya zake za simu, na husimuliwa kwamba baba yake Koitalel alitabiri ujio wa nyoka anayetema moto na moshi. Ukirudi chini, reli hutaiona tena kama chuma tu cha kukuonyesha njia.

5. Punguza mzigo

Acha hema, sufuria, na viatu vya kutembelea. Ndiyo, viatu. Vijaze magazeti, uyabadilishe mara mbili kabla ya kuondoka, uviache mahali penye upepo, si kando ya moto, maana gundi ya soli huachia. Safiri na ndala au akala. Vidole vipate hewa, na pia hutashawishika kupanda mlima wa mtu ukiwa mapumzikoni.

Pa kuacha mzigo ni pale ulipolala, kanisani, au kwa naibu wa chifu. Kama mmekuwa mkijitambulisha kila kijiji, na ni vizuri mjitambulishe, hamtakosa. Watu huku wakiona vijana watatu na mabegi makubwa hudhani ni wahubiri, wapima mashamba, au watembezi wa harambee. Mwache kila mtu na dhana yake lakini chifu aujue ukweli.

Beba nguo za baridi hata kama unakokwenda kuna jua, chaja, kitambulisho, dawa zako, na fedha taslimu za noti ndogo. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, lakini mtu wa boda wa saa kumi na mbili asubuhi hatakungojea utafute mtandao.

6. Gari lipi

Matatu ya abiria kumi na nne ndiyo nafuu na ndiyo ya kawaida. Uliza nauli kabla ya kukaa, na uulize abiria, si makanga. Usidanganyike na gari lililojaa. Kwenye steji kubwa kuna watu wanaolipwa kukaa tu ili gari lionekane limebaki kiti kimoja. Ukishaingia, wanashuka mmoja mmoja, "nimesahau simu," "nanunua maji," na wewe unakaa pale saa nzima. Tazama waliokaa: asiye na mzigo wala koti, aliyekaa karibu na mlango, huyo haendi popote.

Probox ni ya haraka, na magharibi huku ndiyo mfalme wa njia za ndani. Imetengenezwa kwa watu watano pamoja na dereva. Ukiona wa sita anasogezewa, shuka. Ukiambiwa kuna nafasi ya buti, cheka kisha shuka.

Gari la kukodi linafaa mkiwa wanne na mkigawana. Kabla ya kulipa, tazama stika ya bima kwenye kioo kama tarehe yake haijapita, gurudumu la akiba kama lina upepo, jeki, spana, na pembetatu za tahadhari. Piga picha ya kila mkwaruzo mbele ya mwenye gari. Kisha jiulizeni nani anaendesha. Mtu aliyetembea kilomita 90 kwa siku nne anaweza kujiona mzima, lakini akikaa kwenye kiti laini chenye joto, usingizi humjia bila hodi. Kama hakuna dereva aliyelala nyumbani kwake jana, pandeni matatu.

Rafiki mwenye gari kutoka Nakuru ndiye bora, na ndiye hatari. Bora kwa sababu ni bure na atakuja na chakula. Hatari kwa sababu atasema, "Si twende tu nyumbani, mtarudi wiki ijayo?" Mwambie kabla hajawasha gari kwamba Nakuru nayo ni marufuku.

7. Kusubiri kando ya barabara

Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori liliacha barabara likawavamia wachuuzi na watu waliokuwa wakisubiri magari. Zaidi ya watu 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa kwenye gari. Walikuwa wamesimama tu.

Kwa hiyo usisubiri pale mteremko unapoishia wala kwenye kona. Simama mbali na lami, nyuma ya kitu kigumu kama kipo, uso ukielekea magari yanakotoka, na begi miguuni badala ya mgongoni. Msikae chini. Mmoja asimamishe gari, wengine wabaki nyuma. Kama kuna steji rasmi umbali wa kilomita moja, chukua boda hadi hapo, na umwombe kofia ngumu. Anayo, mara nyingi ameivisha kioo cha pikipiki.

Na jina la mahali ulitaje sawasawa. Londiani mjini na Londiani Junction ni sehemu mbili zenye kilomita kadhaa kati yake. Tulipokuwa tunarudi kutoka Iten tulimwambia makanga "Londiani," naye akatushusha Junction, kwa haki kabisa, jua likiwa linazama. Tulilipa boda tatu bei ya usiku.

8. Miguu ndani ya gari

Mwili uliozoea kutembea siku nzima ukikalishwa ghafla kwa muda wa saa nne, miguu huvimba. Fungua kamba, chezesha vifundo juu na chini, na kila gari likisimama shuka utembee hata hatua ishirini. Kunywa maji, hata kama unaogopa kumwomba dereva asimame. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoisha ukilala si neno. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma nyuma ya goti au kwenye shavu la mguu, ukawa wa moto, tafuta hospitali siku hiyo, kwa kuwa inaweza kuwa damu iliyoganda.

Lengelenge ambalo halijapasuka na haliumi, liache. Linalouma na litakalopasuka tu, litoboe pembeni kwa sindano safi, toa maji, iache ngozi ya juu palepale, osha, funika. Usiku loweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi robo saa, ikaushe vizuri katikati ya vidole, pakaa mafuta ya kupakaa visiginoni tu. Kata kucha mraba, fupi, zisiguse mbele ya kiatu. Ule ukucha wa zambarau tuliuacha; ulianguka wenyewe wiki tatu baadaye.

Siku ya pili ya mapumziko tembea kilomita mbili au tatu bila mzigo. Ukilala siku mbili kamili, misuli inakaza na siku ya kurudi utalia.

9. Kurudi

Usiku mbili, siku mbili. Ya tatu ndiyo inayoua, kwa maana siku ya tatu unakuwa umeshapata mahali unapopenda kunywa chai na mwenye hoteli anakujua jina.

Jioni fika karibu na alama, lala hapo, uanze asubuhi. Usijaribu kutoka Iten alfajiri ukategemea kutembea mchana. Utaanza umechoka na gari. Sisi tulilala kwa yule mama, akatupikia, akatuambia alishaanza kudhani hema letu ni lake.

Asubuhi nenda hadi kwenye alama hata kama iko nyuma yako. Kwetu ilikuwa dakika kumi na tano kurudi nyuma kutoka nyumbani kwa mama. Tulikwenda, tukagusa kalvati, tukageuka. Siku hiyo tembea nusu ya mwendo wako wa kawaida, kilomita kumi au kumi na mbili, kwani mteremko unaanza hapo. Kaza kamba za kiatu juu kwenye kifundo kabla ya kila mteremko ili mguu usiteleze mbele, na ulegeze sehemu ya vidole. Vaa soksi mbili kama kiatu kinaruhusu. Fimbo mbili ni bora kuliko moja, na mti wowote utakupa.

Kuanzia Muhoroni kwenda chini, lala ndani ya chandarua kila usiku. Na ukifika ziwani, kula samaki wako, lakini usijitose majini hata kama miguu inawaka: kuna kichocho, na upande wa Dunga kuna viboko. Wewe wa Nakuru, ambaye mwili wako haujazoea mbu wa huku, ukipata homa wiki moja au mbili baada ya kurudi nyumbani, mwambie daktari mapema kwamba ulilala uwanda wa Kano, yaani huku chini kati ya Muhoroni na Kisumu, ili akupime malaria kwanza.